Mawe ya Mgongoni

Nesta alikuwa na hakika fuvu lile aliliacha likitazama dari. Alilisugua kwa mswaki, kama mifupa yote waliyoifukua kwenye makaburi ya miaka mia saba iliyopita, akaliweka kwenye trei juu ya magazeti likauke, akaenda kuchemsha maji ya chai. Aliporudi, fuvu lilikuwa limelala kifudifudi na kibanda kizima kinanuka udongo mbichi.

"Idwal, umeligusa hili?"

"Niliguse la nini, Nes?" mdogo wake akajibu kutoka mlangoni, huku akikohoa. "Labda limechoka kukuona."

Nesta alicheka kidogo tu, maana kikohozi kile hakikumpendeza. Kilianza juzi, siku Idwal alipomfukua mwenye fuvu hilo nyuma ya magofu ya kanisa, pale Wales wanapochimba mabaki ya kale kila kiangazi. Maiti ilizikwa kifudifudi, na mgongoni ilibandikwa mawe matatu makubwa. Idwal aliyapima, akayapiga picha, akaandika kwamba ni mawe ya kawaida yasiyochongwa, kisha akayatupa kwenye lundo la kifusi. Ndivyo kazi yao inavyofanywa: jiwe lisilochongwa halihifadhiwi. Lakini jamani, mtu hatwishwi mawe kaburini bure bure.

Jioni ile Idwal alikohoa kitu kwenye leso. Ulikuwa udongo mwekundu, wenye kimzizi ndani yake.

"Usimwambie mtu," akanong'ona. "Watasema nimerukwa na akili."

Nesta aliingiwa na hofu ya kweli. Ndiye aliyemlea Idwal tangu mama yao afariki, na ndugu mwingine hakuwa naye.

Kesho yake mvua ilinyesha kutwa, na kila Nesta alipoligeuza fuvu lilijirudisha, na chini ya trei kukawa na mkwaruzo kama wa kucha zinazotafuta pa kutokea, harufu ya udongo ikazidi, na huko nje Idwal alikuwa akizunguka peku kwenye matope, hakai, hali, hasikii akiitwa, ananung'unika tu kwamba mgongo wake umekuwa mwepesi, mwepesi mno, hajui aushikilie kwa kitu gani.

Nesta akamwita Kasisi Meredith, mama wa makamo aliyehudumu parokia ile. Alifika na mabuti ya mvua, akaitazama mifupa, wala hakufungua kitabu.

"Mawe yake yako wapi?"

"Tuliyatupa, mama."

"Basi mmemfungulia."

Walikimbilia kwenye kifusi. Mawe hayakuwapo; mzee Probert, mwenye shamba, alikuwa ameyachukua akakarabatie banda la nguruwe. Mawili waliyachomoa ukutani kwa mtaimbo.

"Na la tatu?" Nesta akauliza.

"Nimelipondaponda nikajazia dimbwi la getini," mzee akasema, akikwepa macho yake. "Ningejuaje, binti?"

Wakamrudisha mtu yule shimoni, kifudifudi kama alivyokutwa, wakambandika mawe mawili. Kasisi akaomba muda mrefu. Walipomaliza kufukia, kikohozi cha Idwal kilikuwa kimekatika. Alikaa kitandani ndani ya karavani yao, kile kijumba cha magurudumu walicholala, akala mayai na nyama ya nguruwe, akaomba aongezewe. Nesta akashindwa kuzuia machozi ya furaha.

"Mawe mmeyarudisha yote?" Idwal akauliza kwa upole.

"Yote matatu," Nesta akadanganya, asije akamtia wasiwasi. "Pumzika sasa."

Idwal akatabasamu. Kwenye fizi zake kulikuwa na udongo mwekundu.

"Mawili, binti yangu," akasema.

Kisha akajilaza chali, polepole, akajinyoosha viungo vyote kwa raha ya mtu aliyelala kifudifudi miaka mia saba.