Nyumba ya Kichwa Chini, na Mume Wangu Mlangoni

"Wifi, leo dawa umekunywa?"

Aliyeniuliza hivyo sikumfahamu hata kidogo.

Alikuwa amenishika mkono kwa upole, vile unavyomshika mtu unayeogopa ataanguka. Nyuma yake amesimama mume wangu wa ndoa, amembeba mtoto. Mtoto mwingine, sura ile ile, amening'inia kwenye suruali yake anamwita baba.

Mume wangu alinitazama. Hakushtuka... na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko hao watoto.

Akamwambia yule mwanamke taratibu,

"Mwache kidogo. Jua limempiga."

Ndugu zangu, ngoja niwarudishe nyuma mnielewe, maana hata mimi ningesimuliwa nisingeamini.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara. Cherehani iko dirishani, pasi pembeni, nguo za watu zimening'inia mpaka mlangoni. Mume wangu ni dereva wa mabasi ya matembezi, yale yanayobeba watu asubuhi kwenda kushangaa maporomoko na mabonde, jioni yanawarudisha na vumbi lao na picha zao. Kazini wanamwita Kapteni.

Mara nyingine alilala huko huko. Mara basi limeharibika, mara mvua imekata njia. Sikuuliza sana. Mtoto hatukujaliwa, na mimi nikajiona sina haki ya kuuliza mengi.

"Nipeleke na mimi siku moja nikaone," nilikuwa namwambia.

"Mawe na maji tu. Utachoka bure."

Basi. Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Sasa nina mteja, mwalimu wa chekechea. Alikuwa ameshalipia nafasi ya matembezi, mama yake akalazwa hospitali ghafla. Akaniachia nafasi yake.

"Nenda wewe, fundi. Kila siku uko hapo dirishani kama saa ya ukutani."

Nilicheka. Nyumbani sikusema kitu, nilitaka kumfanyia mume wangu sapraizi. Nikajishonea gauni la rangi ya chungwa, pindo nikaliweka kwa mkono ili likae vizuri. Ndiyo, kwa ajili yake. Msinicheke.

Mabasi yalikuwa mawili. Yeye anaendesha la mbele, mimi nikapangiwa la nyuma. Kila kituo tukifika sisi, wao ndio wanaondoka. Naona tu mgongo wa basi lake na vumbi, nacheka peke yangu kama msichana.

Kituo cha kwanza kilikuwa kiti. Kiti cha zege, kirefu kuliko ghorofa, mtu kakijenga tu kando ya barabara. Unapanda ngazi, unakaa, miguu inaning'inia hewani, watu wanapiga selfi. Nami nikakaa. Mzee mmoja akanipiga picha, mpaka leo ninayo, meno yote nje.

Halafu tukasimama juu ya bonde. Jamani, lile bonde... Mto kule chini ulikuwa kama uzi uliodondoka sakafuni. Vilima vimepangana, cha nyuma kimefifia kuliko cha mbele, mpaka hujui mlima umeishia wapi na mbingu imeanzia wapi.

Nikajiuliza, huyu mtu anayaona haya kila wiki, halafu ananiambia ni mawe na maji?

Kituo cha mwisho ndicho nyumba ya kichwa chini.

Huenda mmewahi kuona za namna ile. Paa liko ardhini, msingi uko juu. Ndani, meza, kitanda na viti vimebanwa darini. Unapiga picha, unaigeuza, unaonekana unatembea juu kama mjusi. Watu wakashuka wanakimbilia foleni.

Mimi nikaelekea kwenye basi la mbele. Halikuwa na mtu.

Nikazunguka nyuma ya kibanda cha tiketi. Kuna chumba pale, mlango uko wazi, kamba ya nguo imejaa nguo za watoto. Mume wangu ametoka mlangoni amevaa kandambili.

Nadhani niliyaelewa yote pale pale kwenye zile kandambili, kabla sijaona mtoto yeyote. Mtu aliye kazini havai kandambili.

Ndipo mwanamke wa tiketi akaja. Wote pale wanamwita Mama Pacha. Alinitazama usoni, akatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu aliyekuwa akimsikia tu.

"Wewe si ndiye dada yake Kapteni? Ana picha yako kwenye simu. Karibu, wifi. Nani kakuleta mpaka huku peke yako?"

Halafu ndiyo likaja lile swali la dawa.

Nikasema,

"Mimi siyo dada yake. Mimi ni mke wake."

Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Nawaapia.

Mama Pacha hakukasirika. Alimtazama mume wangu kwa huruma, kama anamwambia, pole, ndiyo imeanza.

Kumbe mwenzangu alishasimulia habari zangu, wasomaji. Alinisimulia kwa kila mtu kwenye ile njia. Kwamba ana dada, fundi, akili zimemwendea kombo tangu zamani. Kwamba hana wa kumwangalia ila yeye, ndiyo maana hawezi kuhamia moja kwa moja kwa mkewe na pacha wake. Kwamba dada huyo akichoka huwa anasema yeye ndiye mke wa Kapteni, na mtu asibishane naye, anazidi.

Sasa hapo unajitetea na nini?

Nikatoa simu, nikaonyesha picha ya harusi.

Msichana mwenye kipaza sauti, yule anayeongoza wageni kwenye basi la mbele, akaichungulia. Akaniambia kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto,

"Ni nzuri sana, dada. Kapteni alituambia ulitaka kuvaa shela, akakupeleka studio ili utulie."

"Nina pete!"

"Tunaiona, dada. Nzuri pia."

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Niliangusha ndoo, nikamvuta mume wangu shati, nikamwambia sema, sema mbele yao. Foleni yote ikageuka. Simu zikainuka. Na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo nilivyozidi kuwa yule mgonjwa waliyeambiwa.

Nikakumbuka wifi yangu, dada yake wa kweli mume wangu. Huyu ndiye aliyesimama na mimi siku ya ndoa, nimemshonea sare za wanawe wote. Nikampigia, nikaweka sauti ya nje.

"Wifi, niko huku kwenye matembezi na kaka yako. Hebu waambie hawa watu mimi ni nani kwake."



Nilisikia anavuta pumzi. Nilisikia sufuria zikigongana jikoni kwake.

"Haloo?" akasema msichana wa kipaza sauti. "Tuko na huyu dada hapa, anasema ni mke wa Kapteni."

"Huyo ni ndugu yetu," wifi akasema. "Anaumwa. Msimpige tafadhali. Mwambieni kaka asimwache peke yake."

Akakata.

Nilikaa chini, kwenye changarawe, na gauni langu la chungwa.

Aliyeniinua ni Mama Pacha. Alinikalisha kwenye benchi, akanifuta uso kwa khanga yake, akanipangusa magoti. Pacha walikuja kunitazama, mmoja akanipa biskuti aliyoimega nusu. Mume wangu alibaki kulekule mbali, anaongea na wageni, anawaomba radhi kwa usumbufu.

Wakaamua nirudi na basi la mbele, kiti cha pembeni ya dereva, ili "kaka" aniangalie njiani.

Nikapandishwa. Mume wangu akashuka kukagua tairi. Mama Pacha akaja dirishani na chupa ya maji. Alijiinua kwa vidole akanisogezea mdomo sikioni.

"Najua wewe ni mkewe."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Najua," akarudia. "Nimejua tangu hawa watoto hawajaota meno. Niliwahi kuja mpaka kwako. Nilileta sketi unipunguze kiuno. Ukaniambia nimekonda kwa sababu ya kunyonyesha."

"Sasa mbona hukusema pale?"

"Nikisema, nani anabaki na watoto wangu? Hiki chumba ni cha bosi. Alinipa kwa ajili ya Kapteni, hakunipa kwa ajili yangu. Akiondoka yeye, naondoka na mimi."

"Na mimi je?"

Alinisukumia ile chupa mapajani.

"Ukifika kwako, sema ulizidiwa na jua. Watakuacha. Mimi mwenzio nimenyamaza, na wewe nyamaza tu."

Mume wangu akapanda, akafunga mlango. Mama Pacha alisimama barabarani anapunga mkono, sijui anatupungia sote au mmoja wetu.

Safari ya kurudi, watu waliimba. Msichana wa kipaza sauti aliwaomba waimbe nyimbo za polepole, ili nisishtuke. Wakaniimbia, ndugu zangu. Watu wazima basi zima, kwa huruma, wananiimbia kama ninabembelezwa nilale.

Mume wangu aliendesha vizuri kama kawaida yake. Tulipokaribia nyumbani ndipo aliponisemesha.

"Ungeniambia unakuja."

Hilo tu.

Sasa mtaniuliza, ukafanyaje? Ukamfukuza? Ukaenda kwa wazee?

Nilienda. Kikao kilikaliwa sebuleni kwa mama mkwe. Wifi alinililia, akasema mama alitaka wajukuu kutoka kwa kaka kabla hajafa, na kaka ndiye anayemsomeshea yeye wanawe, angesema nini? Baba yangu mdogo, wa kwetu sisi, wa damu yangu, alinivuta pembeni.

"Mwanangu, hajakufukuza. Anakutunza. Wangapi wasiozaa wanatunzwa?"

Na video ilikuwa imeshasambaa. Mtu kaiwekea muziki. Wateja wakaanza kupungua, mmoja mmoja, kwa adabu. Mama mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho sijakigusa, macho yake hayatoki kwenye mkasi wangu. Alimwacha mtoto wake nje.

Mwalimu wa chekechea bado anakuja. Ananisemesha polepole sana siku hizi. Anatamka kila neno.

Mume wangu bado analala hapa siku zake za hapa. Hatugombani. Nikiinua sauti kidogo tu, majirani wanagonga kumuuliza kama anahitaji msaada. Nimejifunza kuongea chini chini ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Sina mwisho mzuri wa kuwapa. Ningekuwa nao ningewapa.

Ila wewe unayesoma, ambaye mwenzio ana kazi ya kwenda na kurudi, panda hata siku moja. Usiende kumchunguza, siyo hivyo. Nenda waone uso wako, wasikie wewe ni nani kutoka kinywani mwako, ungali unaongea kwa sauti ya kawaida. Mimi nilikaa dirishani miaka yote hiyo nikidhani kutulia nyumbani ni heshima, kumbe nilikuwa namwachia mtu mmoja kazi ya kunisimulia kwa watu.

Siku nilipofika, nilikuta kuna mwanamke mwingine mwenye sura yangu, yule dada mgonjwa wa Kapteni, ameshafika kabla yangu. Huyo ndiye wanayemjua. Mimi hawanijui.