Kuku wa Chatu

"Mkarafuu wa Jadida umeingia mchwa."

"Mchwa wa aina gani?"

"Wa kuruka. Ung'oe leo hii."

Simu ikakatika.

Moza binti Abrahman aliwatazama wajawazito waliokaa barazani mwa zahanati ya Wete, akawaambia kwa upole kwamba ameitwa kwenye uchungu. Hakuna aliyeuliza kwa nani. Mkunga huingia nyumba yoyote, saa yoyote, na mkoba wake haupekuliwi.

Ndiyo maana Bwana Nyange, mkuu wake aliyekaa Chake Chake na ndiye aliyepiga simu ile, alimchagua kwa kazi ile nyingine asiyoijua mtu.

Mkarafuu ulikuwa kituo cha adui. Mchwa wa kuruka, mawimbi ya redio. Ilikuwa mwaka wa tatu wa vita, na kila Jumatano mchana mitambo ya Unguja ilinasa ishara kutoka upande wa Wete. Fupi. Za haraka. Za mtu anayeijua kazi yake. Meli mbili zilikwisha kuzamishwa na nyambizi.

Mshukiwa alikuwa mmoja tu: Bwana Vogel, aliyejiita Mswisi, mwenye Bustani ya Wanyama ya Jadida. Lakini kila ishara ziliporuka, Bwana Vogel alikuwa kwenye baraza la maofisa wa serikali, anacheza karata na kunywa kahawa, watu wanamwona.

Maana Jumatano bustani ilikuwa ya wanawake. Mwanamume haingii, hata yeye mwenyewe. Na leo ilikuwa Jumatano.

Moza alitia mkobani pamba, mkasi na kopo la Ovaltine. Ndani ya kopo hamkuwa na Ovaltine. Mlikuwa na kisanduku chenye sindano, na sindano hiyo ilitikisika kila mtambo wa redio ulipofanya kazi karibu. Chini kabisa, ndani ya shashi, ililala bastola ndogo ya Beretta.

Akavaa buibui, akatoka.

Mlangoni mwa bustani alikaa Bi Jashoda, mke wa muuza nguo, mtu wa kujitolea, macho kama ya kozi.

"Fungua mkoba, dada."

Moza akashtuka. Jumatano iliyopita alipokuja kuchungulia, hakuna aliyemtaka afungue kitu.

"Tangu lini?"

"Tangu leo. Bi Elsa amesema."

Bi Elsa. Mke wa Vogel. Alikuwa anaogopa nini leo?

Bi Jashoda akachukua kopo. Akalitikisa. Ndani kitu kikagonga.

"Imegandana," Moza alisema. "Unyevu huu wa masika. Nampelekea mzazi."

Bi Jashoda akamtazama. Akalitazama kopo. Vidole vyake vikawa juu ya kifuniko.

"Mzazi kapata nini?"

"Pacha."

"Arre! Maskini." Akalirudisha kopo. "Pita, pita."

Moza akapita.

Bustani ilikuwa nzuri, hilo hakuweza kulikana. Paa wadogo chini ya mikarafuu. Ngawa wawili wamelala. Katikati, kizimba kirefu cha wavu, na ndani yake popo wakubwa wa Pemba wananing'inia, manyoya yao mekundu kama kutu. Chini ya kizimba walijaa wanawake, na mbele yao alisimama Bi Elsa, mrefu, kanga mabegani, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wengi.

"Mnasema popo ni mkosi," alikuwa akisema. "Basi niambieni, nani anapanda msitu wa Ngezi? Huyu. Anakula tunda hapa, anatema mbegu kule. Mkimaliza popo, msitu mtaupanda nyie kwa mikono?"

Wanawake wakacheka. Moza naye alicheka, kisha akajikasirikia. Alikuwa ameanza kumwamini.

Pembeni palikuwa na chai na kaimati. Wake wa askari walipewa bure. Walikaa jamvini karibu na kiti cha Bi Elsa, na kila mmoja alikuwa na la kusema. Mume wangu kapelekwa huku. Wangu karudi kule. Wangu kaandika.

Moza aliacha kutafuna.

Hapakuwa na haja ya kupeleleza bandarini. Habari za bandari zilikuja zenyewe, zikamiminiwa chai.

"Wifi!"

Alikuwa Mwanapili, mke wa kaka yake Mabruki. Alifanya kazi pale tangu Mabruki aandikishwe Keya, jeshi la Waingereza. Mkononi alishika tenga lenye kuku mweupe. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Umelia?"

"Mabruki anaondoka leo," alinong'ona Mwanapili. "Kilindini. Jioni. Baharia kanletea salamu zake."

Safari ya meli ya askari ilikuwa siri ambayo hata yeye hakuambiwa.

"Na weye umemwambia nani?"

"Mie? Simwambii ntu."

Lakini alitazama chini.

Moza akamtazama wifi yake kama anayemwona mara ya kwanza. Kanga mpya. Viatu vipya. Mwanamke aliyekuwa akikwanyua karafuu mpaka mikono inapasuka, leo ana ufunguo shingoni. Ufunguo wa nini?

Bi Elsa akapiga makofi.

"Sasa chatu wetu anakula. Hapendi kelele. Mnisubiri hapa."

Akamtoa kuku tengani. Kuku akapiga mbawa, miguu ikaning'inia, na Moza akauona mguu wa kushoto: kidole kimoja kimekatika.

Jumatano iliyopita kuku mweupe mwenye kidole kilichokatika aliingizwa kwa chatu mbele ya macho yake.

Basi leo ametoka wapi?

Bi Elsa akaingia kwenye nyumba ya chatu. Mwanapili akafunga mlango kwa ufunguo, akasimama mbele yake kama askari.

Moza akafunua kopo chini ya buibui.

Sindano ilikuwa imelala.

Kisha ikaruka.

Akamwendea Mwanapili moja kwa moja.

"Fungua."

"Nimekatazwa, wifi. Haingii ntu."

"Ulimwambia nani habari ya Mabruki?"

"Nilikuwa nalia. Akanipa leso. Akaniuliza nalilia nini. Kosa liko wapi?"

"Anaiuza meli ya mumeo. Sasa hivi, nyuma ya mlango huu."

"Uwongo! Bi Elsa ndiye aliyenfundisha kusoma. Weye wanionea wivu tu."

"Tega sikio."

Nyuma ya ubao ilisikika sauti ndogo, kavu. Tak. Tak-tak. Tak.

"Ni chatu," alisema Mwanapili. "Hugonga kioo akila. Bi Elsa kaniambia."

"Chatu anayekula hagongi kitu. Na kuku wenu mbona haliwi?"

Mwanapili akaugeukia mlango. Ndiye aliyemfungia kuku yule bandani kila Jumatano jioni. Moza aliliona jambo lile likimpanda usoni polepole, kama maji ya bamvua.

Mwanapili akauvua ufunguo shingoni, akafungua.

Ndani palikuwa na ubaridi. Chatu alijikunja nyuma ya kioo, mnene kama gogo, amelala fofofo. Kuku alikuwa akidonoa sakafu. Nyuma, juu ya meza, sanduku la safari wazi, taa ndogo zinawaka, na waya uliopenya ukutani kuelekea kizimba cha popo. Wavu wote ule mrefu ulikuwa mlingoti wa redio.

Bi Elsa alikuwa na vifaa vya kusikilizia masikioni. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye kidude cha kugongea. Wa kushoto ulikwisha kushika bastola ya Walther.

Beretta nayo ilikuwa imetoka.

"Mkunga," alisema Bi Elsa bila kushangaa. "Nilijua mmoja wenu atakuja."

"Toa mkono hapo."

"Piga, nami nitapiga. Wananisikia tayari. Yamebaki maneno matatu tu."

Kidole kikashuka. Tak.

"Bi Elsa."

Mwanapili alikuwa mlangoni.

"Mume wangu yumo," alisema. "Nilikwambia yumo."

Bi Elsa akamtazama. Mara moja tu, na usoni pake palipita kitu kilichofanana na haya.

Mara moja ilitosha.

Moza aliipiga meza teke. Sanduku likaanguka, glopu za redio zikapasuka kama mayai. Walther ikalipuka. Kioo cha chatu kikamwagika chini. Moza akamrukia, akausokota mkono mpaka bastola ikadondoka, akaubandika mdomo wa Beretta chini ya sikio la mwanamke yule.

Kisha vipande vya kioo vikakwaruza.

Chatu alikuwa amezinduka. Alitoka taratibu juu ya vipande vya kioo, akapita juu ya viatu vya Bi Elsa.

"Alikula lini?" aliuliza Moza.

"Hajala tangu mwezi wa mfungo," alinong'ona Bi Elsa.

"Basi usitikisike."

Chatu alikwenda zake kwenye kona yenye giza, akajikunja upya. Kuku aliruka juu ya dirisha, akapiga kelele kwa niaba ya wote.

Nje wanawake walikuwa wakipiga mayowe. Wakimwagika mjini sasa, Vogel angeacha karata na kukimbilia baharini.

"Mwanapili. Watulize."

"Niwaambie nini?"

"Lolote. Wasitoke tu."

Mwanapili akajifuta uso kwa kanga, akatoka.

"Kioo tu kimevunjika, jamani! Rudini mkae. Huyu popo hatujammaliza. Nani anajua anazaa watoto wangapi?"

Mtu akajibu. Mwingine akambishia. Mayowe yakageuka mazungumzo.

Moza alimfunga Bi Elsa kwa bendeji za uzazi, akaingia ofisi ya bustani iliyopakana, akainua simu.

"Mkarafuu umeng'oka."

"Ishara zilikatika katikati," alisema Nyange. "Meli itapita njia ya nje, mbali na kisiwa cha Fundo. Vogel?"

"Bado anacheza karata."

"Hataumaliza mchezo. Gari litakuja mlango wa nyuma. Nani alimpa habari ya meli?"

Moza akatazama dirishani. Mwanapili alikuwa katikati ya wanawake, mkono juu, anaonyesha popo. Machozi yalikuwa yakimtoka, naye anafundisha.

"Wengi hupita hapa, bwana. Huzungumza. Sikupata jina."

"Moza."

"Labeka."

"Wifi yako hufanya kazi hapo."

"Ndiye aliyenifungulia mlango."

"Basi nitaandika hivyo," alisema Nyange, akakata simu.

Ford nyeusi ilipoondoka na Bi Elsa, Moza alitengeneza buibui lake, akapita pembeni ya kizimba. Mwanapili akanyamaza katikati ya neno. Macho yao yakakutana juu ya vichwa vya wanawake.

"Endelea, wifi," alisema Moza. "Nani atawalisha hawa kesho kama si weye?"

Akashika njia ya sokoni bila kugeuka, mkoba begani, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.