Kaburi la Matutani

"Tai, pweza katoka pangoni. Mfuate."

Sauti ya Bwana Marhoun, mkuu wa operesheni, ilikwaruza ndani ya redio ya Motorola. Tai huyo ni Haitham, mpelelezi wa magendo. Alikuwa ameshafika.

Alilala kifudifudi juu ya tuta la mchanga, ng'ambo ya Vitongoji, bastola ya Beretta kiunoni, darubini machoni. Upepo wa kusi ulimchapa mchanga wa uso. Chini, mawimbi yalipasuka kama mizinga. Pwani hii haina mtu. Hata wavuvi wanaikimbia.

Asya alikuwa akiipenda.

Walikuja hapa fungate. Kila wimbi likivunjika, alimvuta shati na kupiga ukelele, kisha akajicheka mwenyewe. Mwaka jana alijifungua, damu ikakataa kusimama. Wakamdunga sindano ya kukata damu. Sindano bandia. Maji matupu. Mtoto sasa analelewa na bibi yake kijijini Ole.

Haitham alikuwa ameshaomba ruhusa ya kuipekua pwani hii kabla Asya hajaingia leba. Wakubwa walisema asikere watalii.

Leo mzigo mwengine wa sindano zile unatoka.

Land Cruiser ilisimama chini ya tuta. Mgeni mmoja, Bruno, alikuwa akipaka nta ubao wake wa kutelezea mawimbi. Dereva wake, Abrahman, alikaa kivulini. Nje ya mwamba boti ya injini mbili za Yamaha ilingoja. Ikipakia tu, jioni sindano zimo Wete, kesho kisiwani Fundo.

Droni yake ilishapita juu ya gari. Mahema. Mbao. Bia. Sindano hazimo.

Redio ikalia tena.

"Tai, amri imebadilika. Wale wana kibali. Rudi."

"Kibali cha nani?"

"Cha juu."

"Huko juu kuna anayejifungua?"

Aliirudisha redio kiunoni.

Haitham aliiacha droni hewani, ikirusha picha moja kwa moja kwenye simu za watu. Akateremka tuta polepole, kama mtu anayekwenda kuamkia.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam," Abrahman aliinuka. "Weye n'nani?"

"Mpita njia. Kaburi la nani hili?"

Lilikuwa nyuma ya gari, mchanga mbichi, vijiti viwili.

"La baharia. Kaletwa na maji, maskini. Mrehemu, upite zako."

Haitham alinyanyua mikono kumuombea dua. Mikono ikasita.

Kaburi lilikuwa limelala sambamba na pwani. Kusini kwenda kaskazini.

Alishuka mwenyewe kaburini kumpokea Asya. Alimlaza ubavu wa kulia, akamfungua sanda shavuni, akamuelekeza uso kibla, kaskazini. Ubavu ule hausahau.

"Abrahman, baharia wenu kaelekeza miguu kibla."

Abrahman aliangalia kaburi. Akaangalia jua. Akaangalia kaburi tena.

"Wallahi kachimba mgeni mwenyewe! Mie n'likuwa n'melala garini!"

Bruno alichomoa Glock.

Haitham aliupiga teke ubao. Risasi ikazama ndani ya ubao. Ya Haitham ikapata kiganja cha Bruno. Glock ikaanguka mchangani.

Huko nje Yamaha zilinguruma. Boti ikageuka, ikatokomea mikono mitupu.

Abrahman alikuwa ameshalala chini, anatoa shahada.

"Bado hujafa, bwana. Chimba."

Alichimba kwa mikono, akilia. Yakatoka makasha. Haitham alifungua moja. Kichupa kidogo, kizibo buluu.

Kile kile cha Asya.

Alikishika muda mrefu. Kisha akakirudisha mahali pake, akawafunga pingu wote wawili kwenye bampa la gari. Kiganja cha Bruno alikifunga kitambaa.

"Tai! Hongera, kijana wangu!" Marhoun alikuwa akihema. "Kisiwa kizima kinatazama. Naja na polisi na waandishi. Usiondoke, tupige picha. Cheo chako nakisimamia mwenyewe."

Juu ya tuta, njia ya Vitongoji ilikuwa inatimka vumbi. Magari ya wakubwa. Mwaka jana waliogopa kukera watalii.

"Tai? Unataka nini, sema."

"Mngekuja mwaka jana."

Aliitupa Motorola ndani ya kaburi tupu. Akavua viatu, akakung'uta mchanga, akapanda tuta kuifuata pikipiki yake ya Honda. Hakugeuka kuyatazama mawimbi. Hakuna wa kumvuta shati.

Nyuma yake, shimoni, sauti ya mkubwa ilikuwa bado inaita.

"Haitham? Nijibu basi. Haitham?"