Mkebe wa Biskuti

Saa tatu na nusu asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la kukodisha viti vya sherehe. Viti vya plastiki vimepandana hadi darini. Watu wanne, wote wamesimama, kwa sababu Kiranja alikuwa amesimama.

Aliitwa Kiranja kwa ajili ya rula yake. Rula ya mbao, nzito. Hakuna aliyewahi kumwona akipiga nayo mstari.

"Simu," alisema.

Simu zikaingia kwenye mkebe wa biskuti. Zote zimezimwa, ndiyo sheria. Ya binti waliyemwita Sauti haikuzimwa. Aliibana tu isilie, kama alivyofanya kila siku, maana mama yake akipiga asimpate huwa anaanza kuulizia hospitalini.

Sheria ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Hakuna jina. Hakuna kwenu wapi. Hakuna nani kazaa nani. Vidole alifungua akaunti za watu. Sauti aliongea. Kitasa alikaa mlangoni. Kiranja peke yake alimjua mteja. Mteja ndilo neno walilotumia. Kila waliyemwibia aliitwa mteja. Genge lililoishi kwa siri za watu lililinda siri zake kama mboni ya jicho.

"Mteja wa leo ni mama mtu mzima," Kiranja alisema. "Mweka hazina wa kikundi cha akina mama. Saa tano wanakutana kugawana akiba. Sisi tunagawana kabla yao."

"Neno la siri?" aliuliza Kitasa.

"Katupa mwenyewe," alisema Vidole. "Kaweka mtandaoni siku yake ya kuzaliwa, keki na kila kitu. Kaweka paka wake, na jina chini ya picha. Nikaunganisha paka na mwaka. Mlango ukafunguka."

"Angebandika na ufunguo wa nyumba!" alisema Sauti. Walicheka wote. Yeye alicheka zaidi.

"Kimebaki kitu kimoja," Kiranja alisema. "Benki inamtumia namba kwenye simu, atutajie. Hiyo ni kazi yako, binti. Tukikosea mara tatu, akaunti inajifunga hadi kesho."

Saa nne kasoro robo.

Kiranja alibonyeza namba mwenyewe kwenye simu ya kazi, kidole gumba kimefunika kioo. Sauti akavaa vipokea sauti masikioni. Akavaa na sauti ya kazini: nene kidogo, yenye tabasamu, ya mtu aliyekaa penye kiyoyozi.

Simu ikapokelewa.

"Haloo, mwanangu."

Sauti alishika ukingo wa meza.

Kuna akina mama wengi wanaomwita kila mtu mwanangu. Huyu alikohoa kwanza, kikohozi kifupi cha kusafisha koo, kama mtu anayetaka kuanza kusali. Sauti alikuwa amelala na kuamka kwa kikohozi hicho miaka yote ya utoto wake.

Rula ilimgusa bega. Endelea.

"Habari za asubuhi, mama. Nakupigia kutoka benki, kitengo cha usalama. Kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yako."

"Uwii! Hela za wenzangu hizo! Zikipotea, uso wangu nitauweka wapi?"

"Usiogope, mama. Utapokea namba sasa hivi. Usimtajie mtu yeyote..." Karatasi ya maneno aliyoandikiwa na Kiranja iliendelea: isipokuwa mimi. Akaishia hapo.

Rula ikagusa tena. Ngumu kidogo.

"Isipokuwa mimi," alisema.

"Haya, ngoja nivae miwani. Binti yangu naye yuko huduma kwa wateja, benki hiyohiyo. Labda unamjua. Ana kasauti kembamba kuliko kako. Umekula lakini? Maana yeye hali."

"Nimekula, mama."

"Haya. Nane. Mbili. Tano. Tano. Moja. Sita."

Vidole alikuwa amening'iniza mikono juu ya kibodi, kama mpiga kinanda anayesubiri kwaya. Sauti akamtajia, taratibu, kwa kujiamini:

"Nane, mbili, tano, tisa, moja, sita."

"Imekataa," alisema Vidole.

"Mama, hebu rudia tafadhali."

Mama akarudia. Zilezile. Sauti akataja nyingine.

"Imekataa. Bosi, huyu bibi hajui kusoma?"

"Miwani yake mibovu," alisema Sauti haraka mno.

Kiranja aliacha kutazama kompyuta. Akaanza kumtazama yeye.

"Mara ya mwisho," alisema. "Polepole."

Sauti aliuliza. Akajibiwa. Akazitaja kwa sauti safi kuliko zote za maisha yake, na namba zote zilikuwa za uongo.

Kioo kikawa chekundu.

"Imejifunga!" Vidole alipiga meza. "Hadi kesho!"

"Asante, mama. Akaunti yako iko salama," Sauti alisema, akakata. Lilikuwa neno la kweli la kwanza kutoka chumba kile.

Saa nne na dakika tano.

"Nipe hivyo vya masikioni," Kiranja alisema. "Kitasa, kaa mlangoni."

"Bosi, kalikuwa kabibi tu kamechanganyikiwa..."

Mkebe wa biskuti ukanguruma.

Wote wakautazama. Ulitetemeka, ukatembea mezani kama mende aliyelewa, ukagonga kikombe cha chai. Kiranja aliondoa mfuniko kwa ncha ya rula. Juu ya simu tatu zilizokufa, moja ilikuwa hai. Kwenye kioo chake, mwanamke mwenye miwani alikuwa amempakata paka. Chini yake: MAMA.

"Paka huyo namjua," alisema Vidole. Kisha akatamani asingesema.

Kiranja aliweka simu ya kazi kando ya ile ya Sauti. Akasoma namba ya huku, akasoma ya kule. Hakuwa na haja ya kuuliza. Akapokea, akaweka kipaza sauti, akamsogezea simu. Rula akailaza chini ya kidevu cha binti. Mdomo wa Kiranja ulitamka bila kutoa sauti: mwambie aende benki aifungue.

"Mwanangu!" Chumba kizima kilisikia. "Kuna dada wa huko kazini kwenu kanipigia, nikamtajia namba. Sasa moyo haunipi raha. Ulinikataza nisimtajie mtu, nami nimetaja. Nifanyeje?"

Ule uzito wa kazini ulimtoka Sauti. Kakabaki kasauti kembamba, ka nyumbani.

"Badilisha neno la siri, Mama. Sasa hivi. Usiweke jina la paka. Na usimwambie mtu yeyote. Hata mimi. Hata nikikupigia nalia, usiniambie."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Haya. Uko salama lakini huko?"

Mlangoni, Kitasa alikuwa anazungusha ufunguo, kwa ndani.

"Niko kazini, Mama," alisema Sauti.