Uso wa Doudou

Siku ambazo walimu walikuja shuleni, Émérence alirudi nyumbani alasiri, akaweka madaftari yake, akavaa aproni ya baba yake iliyomfika visigino, akaingia jikoni. Humo hakukupikwa tena. Dirisha lilizibwa kwa blanketi, na mezani palipangwa sinia za dawa za kusafishia picha. Chakula kilipikwa nje, kikipatikana.

Baba yake, Papa Casimir Mukendi, hakuanza na kamera. Ujanani alitunza farasi katika klabu ya wazungu. Baadaye akasoma kemia, akapata kazi katika maabara ya mgodi hapa Likasi. Kisha mambo yakaharibika, maabara ikafungwa, akabaki mpiga picha. Sasa watu wenye asili ya Kasai, kama yeye, walikuwa wakifukuzwa Katanga. Walilala stesheni pamoja na watoto na magodoro, wakingoja treni ya kwenda Kasai. Waliomwita Papa Casimir walitaka picha ya kubeba safarini tu.

Asubuhi moja ambayo walimu hawakuja, aliitwa stesheni na Mama Adrienne, akaenda na Émérence. Mwanawe mdogo, Doudou, alikuwa mgonjwa sana, na hakuwahi kupigwa picha. Alipoiona kamera alilia mpaka akapaliwa na kikohozi. Papa Casimir akaiweka kamera chini. Akachuchumaa ubavuni mwa mtoto, akatazama kando, akanyoosha kiganja, akatulia.

"Papa, piga basi!" Émérence alinong'ona.

"Ngoja. Farasi, ukimuendea mbele, anakimbia. Mutoto ni vile vile. Umuache akuzoee."

Hatimaye vidole vya Doudou vikagusa kile kiganja. Mabega yake yakalegea. Kamera ikapanda taratibu, ikalia mara moja. Ilikuwa picha ya mwisho kwenye filamu, na filamu nyingine haikupatikana mjini kote.

Nyumbani, Papa Casimir aliizamisha filamu katika dawa ya kwanza, kisha katika ile ya kukaza picha. Mara jirani akamwita nje.

"Usiitoe mpaka weupe wote uishe," alimwambia binti yake. "Ukiitoa mbele ya saa, mwangaza utaikula."

"Ndiyo, Papa."

Baba yake hakufika mbali, kelele zikasikika barabarani: treni imefika! Moyo wa Émérence uliruka. Bénie, rafiki yake wa chanda na pete, alikuwa stesheni na familia yake. Aliitazama filamu. Ilikuwa bado nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Akajiambia inatosha. Akaisuuza harakaharaka, akaianika kwenye kamba uani, akatoka mbio.

Treni haikuwepo. Zilikuwa porojo tu, na Bénie alikuwa palepale, amekaa juu ya mizigo. Émérence aliporudi, alimkuta baba yake jikoni ameshika filamu iliyoanza kuingia weusi.

"Emé, weupe uliisha?"

"Uliisha, Papa. Labda dawa ndiyo imezeeka."

Uongo ulimtoka laini, hata mwenyewe akashangaa. Papa Casimir akanyanyua sinia kwenda kuimwaga. Hakuwa na dawa nyingine, wala mahali pa kuipata. Mlangoni akasita.

"Mu laboratoire hatukusema labda," alisema. "Tulijaribu kwanza."

Akakata kipande kidogo mwishoni mwa filamu, pasipo na picha, akakitumbukiza. Wote wawili wakainama kutazama. Weupe ukayeyuka, kipande kikawa safi kama kioo. Dawa ilikuwa nzima kabisa.

Émérence alingoja kofi. Halikuja. Baba yake alisimama ubavuni mwake, akatazama ukuta, mikono wazi, kimya. Angefoka, msichana angejitetea, maana mdomo alikuwa nao. Kimya kile kilimshinda.

"Papa, ni miye niliitoa mbele ya saa. Nilienda kuona Bénie. Nilikudanganya."

"Merci," alisema, na papo hapo akairudisha filamu kwenye dawa.

Uso wa Doudou ulitoka, lakini ukungu ulikuwa umefunika jicho moja. Waliichapa hivyohivyo, wakaipeleka stesheni, na Émérence ndiye aliyetakiwa kusema.

"Mama, photo imeharibika. Ni miye niliiharibu. Munisamehe."

Mama Adrienne aliitazama sana. "Ni yeye," alisema. "Anataka hata kucheka." Akaificha ndani ya kitenge, karibu na mtoto aliyelala. Hakumkaripia Émérence, wala hakumwambia kwamba si kitu.

Njiani Papa Casimir alisema, "Ungeniambia tu, 'Papa, nataka kuona Bénie,' ningekuacha uende, na miye ningebaki na filamu. Ulificha, jicho likapotea. Na kama ungeendelea kudanganya, ningemwaga dawa, yule mama angekosa hata hii. Sema kweli mapema, mwana yangu, kungali na kitu cha kuokoa."

Émérence alijifuta machozi. Aliona aibu, lakini bado alikuwa na swali.

"Papa, Doudou atapona?"

Papa Casimir alisimama. Alitaka kusema ndiyo. Binti yake aliona midomo ikijaribu.

"Hapana," alisema. "Sizani atafika Kasai."

Akamshika mkono, wakaendelea kwenda nyumbani, ambako nao walikuwa na magodoro ya kufunga.