Msafiri Aliyeitikiwa na Mtoto

Mianmian alikula tambi zote za mama yake, zile za pilipili, akainua bakuli akanywa na mchuzi wake mwekundu mpaka chini. Mtoto huyu hata tangawizi kwenye supu humtoa machozi. Cuiping, mama yake, alisimama na vijiti vya kulia mkononi akimtazama. Hakutoka jasho, hakuomba maji. Alifuta mdomo kwa kiganja, kama wafanyavyo mafundi wa ujenzi wakiinuka mezani, kisha akauliza kwa sauti yake ileile ndogo:

"Njia ya kutokea iko wapi?"

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja na jiko, juu kabisa ya jengo, na mlango wake ulikuwa mmoja tu, ule ambao mtoto alikuwa ameupa mgongo. Cuiping akamwambia aache utani akaoge. Yeye akaosha bakuli. Alikuwa amechoka mno kushangaa.

Ruan Cuiping alifanya kazi katika uwanja wa ndege wa mji wa Chongqing, kwenye meza ya maelekezo ya ukumbi wa wanaowasili. Kazi yenyewe ilikuwa kujibu. Treni ya mjini iko chini, shuka ngazi za umeme mara mbili. Teksi ni kushoto, panga foleni, usimfuate mtu anayekuja kukuita mwenyewe. Maji ya moto yapo kando ya choo. Kiberiti cha gesi wakati wa kuondoka watakunyang'anya, mpe anayekusindikiza. Akirudi nyumbani, midomo yake iliendelea kutaja kushoto na kulia hata akiwa anamenya vitunguu. Mumewe aliendesha lori njia za magharibi, na kurudi kwake kulikuwa kwa bahati. Chekechea ilikuwa imefungwa kwa sababu ya joto la Agosti, basi Mianmian alishinda chini ya meza ya mama yake, juu ya kipande cha boksi, na msimamizi alijifanya hamwoni.

Siku moja kabla ya zile tambi, bibi mmoja alikuja mezani. Alivaa viatu vya kitambaa, na katika joto lile alikumbatia koti zito la kiume, la kijivu, kama anayebembeleza mtoto. Aliuliza watu wanatokea wapi. Cuiping akamwonyesha mlango. Bibi akasema amesimama pale tangu asubuhi na mwanawe hatoki, na kila akimwita sauti inamezwa na makelele. Je, binti hawezi kumwitia kwa kile chombo chake? Jina lake ni Kuang Debao.

Nyuma ya bibi kulikuwa na kundi zima la watalii wenye kofia za njano, kila mmoja na swali lake. Cuiping hakuuliza ndege ipi, wala imetoka wapi. Alivuta kipaza sauti.

"Msafiri Kuang Debao, tafadhali fika meza ya maelekezo. Mama yako anakusubiri."

Akaita tena. Akaita na mara ya tatu, na safari hii ukumbi mzima ulitulia kidogo, kana kwamba watu wote walioshika simu walikuwa wamemaliza kuongea kwa pamoja.

"Nimekuja," akasema Mianmian chini ya meza.

Bibi alishika ukingo wa meza. Akauliza nani ameitikia. Cuiping akacheka, akasema ni bintiye tu, anacheza. Bibi hakucheka. Aliinama akamtazama mtoto, akaanza kunyoosha koti kuelekea chini ya meza. Lakini kofia za njano zilikuwa zimeshajaa, zikamsukuma pembeni, na Cuiping hakumwona tena.

Baada ya tambi ikaja harufu. Ilianzia jikoni, harufu ya moshi uliopoa na mbao mpya, kama mtu amefungua kasha lililokaa ghalani. Cuiping alipiga magoti akanusa mfereji, akamwaga siki. Haikuisha. Ilikuwa kwenye nywele za mtoto.

Jioni iliyofuata alisikia magurudumu ya sanduku la safari yakivutwa kwenye korido. Yalikuja polepole, yakarudi, yakaja tena, kama mtu anayetafuta namba ya mlango, kisha yakanyamaza nje ya mlango wao. Taa ya korido ile huwaka yenyewe ikisikia kishindo. Cuiping aliona mwanga wake umetandaa chini ya mlango. Akafungua. Hakukuwa na mtu, na taa ilikuwa ikiwaka juu ya sakafu tupu. Alipogeuka, Mianmian alikuwa amesimama nyuma yake na viatu miguuni.

"Hapa nimeshapita," mtoto akasema.

Kesho yake, zahanati hawakuona kitu. Homa hana, wakasema, tena mwili wake umepoa kuliko kawaida, ni kiyoyozi cha huko kazini. Wakampa dawa ya unga. Lakini hata usiku haukuwa umeingia, jua bado liko kwenye vioo vya jengo la mbele, mtoto akaanza kutembea, kiganja kimoja ukutani, kutoka kitandani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi dirishani, akigusa kila pembe na kugeuka, akigusa na kugeuka, bila haraka wala kilio, huku mama yake akimwita Mianmian, Mianmian mwanangu, njoo ukae, na yule mtoto akipita mbele yake kama watu wanavyoupita mlango wa duka wasilolihitaji, mpaka Cuiping, akiwa ameegemea kabati na meno yanagongana, akajikuta analinong'ona jina jingine ambalo hakutaka kulitamka ndani ya nyumba yake.

"Debao."

Mtoto akasimama. Akageuza kichwa.

"Naam," akasema. "Kuna baridi huku."

Cuiping alimpigia simu mama yake, kijijini. Simu ilimponyoka kabla hajaifikisha sikioni, akaiokota. Alieleza kwa sauti ya chini, akiutazama mgongo wa mtoto.

"Ulimwita kwa jina lake lote?" mama yake akauliza.

"Ndiyo."

"Mara tatu?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukamwambia aje wapi?"

"Mezani kwangu."

Mama yake akamlaumu kwa huzuni zaidi kuliko kwa hasira. Shule yote ile, na hili hulijui? Aliyefia mbali huitwa na mama yake, na nguo yake mkononi, na wa kwao humwitikia. Anapotajiwa ndipo anapokuja, na aliyemwitikia ndiye mlango wake. Je, Cuiping hakumbuki walivyomrudisha babu kutoka mgodini alikofia? Kila daraja aliambiwa hili ni daraja, kila kona aliambiwa hapa tunapinda, na basi lilipokuja aliambiwa apande. Aliyekufa hajui njia. Anaijua ile anayoambiwa tu, na kona moja ikisahaulika, hubaki pale pale kwenye kona.

"Usimfukuze," mama yake akamalizia. "Ukimfukuza atazidi kujificha humo humo. Mtafute mwenye naye. Na uwahi. Mtoto akishasahau jina lake kabisa, hata mimi sitajua tumwite nani."

Asubuhi Cuiping alimfunga Mianmian mgongoni kwa shuka, kama alivyokuwa akimbeba zamani, akaenda kazini siku isiyo zamu yake. Mtoto alikuwa mzito kama gunia la mchele lililolowa. Mezani alikuwapo mwenzake, Hou, ambaye hakosi neno.

"Umekuja kuokota chupa za kuuza siku ya mapumziko?" Hou akasema. Kisha akaona uso wake, akaacha. Akamwambia kwamba bibi mwenye koti hajaondoka. Walinzi wanamtoa, anarudi. Analala kwenye viti vya karibu na nguzo.

Bibi alikuwa akila mkate wa mvuke na maji ya moto. Aliona kilichokuwa mgongoni kwa Cuiping kabla hajamwona Cuiping mwenyewe, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo Cuiping aliiogopa kuliko magurudumu ya korido.

Alieleza mambo yake kwa kifupi. Debao alifia ng'ambo, kwenye ujenzi wa daraja. Majivu yake yalikuja hapa kama mzigo, shemeji yake akayachukulia geti la nyuma, la mizigo, akayaleta nyumbani, yakazikwa vizuri. Lakini kila akifumba macho mwanawe anamjia na kumwambia, mama, niko ndani, sioni mlango. "Kwetu najua kila daraja," bibi akasema. "Humu sijui hata choo. Nikasema, akishaitwa, nitamwongoza. Nimwongoze wapi? Mimi mwenyewe nimepotea."

Akanyoosha mkono akamgusa mtoto shavuni. Mtoto akaulalia mkono ule.

"Niachie mpaka jioni tu, binti."

"Bibi, huyu ni wangu."

"Najua. Na wangu yumo ndani yake."

Walitazamana. Cuiping alihisi kidevu cha mtoto begani, kimepoa kama kijiko cha chuma. Angeweza kugombana naye, na angeshinda. Kisha angerudi nyumbani na mtoto wa mtu mwingine. Akasema, "Bibi, njia za humu nazijua mimi. Wewe shika koti, umwite. Nitakayosema mimi, yarudie kwake. Tusiruke hata moja."

Wakaanzia mezani. Cuiping alisema kama asemavyo kila siku, ila kwa sauti iliyokauka: hapa ni meza ya maelekezo, mlango wa kutokea unauacha nyuma yako. Bibi akarudia, "Debao, mlango unauacha nyuma." Kulia, pita duka la maji. Debao, kulia. Hapa kuna ngazi za umeme, zinashuka, shika ukingo. Watu waliwapisha wakidhani ni kipofu anayeongozwa. Na kila waliposimama, kinywa kilichokuwa begani kwa Cuiping kilisema polepole, "Nimeona."

Kwenye lango la treni ya mjini kila mzigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi. Bibi akakataa kuliachia koti. Mlinzi, kijana mwenye usingizi, akasema hata mfuko wa mboga hupita. Cuiping akamwambia bibi amweleze. Bibi akaliweka koti kwenye mkanda kwa mikono miwili, akasema, "Hapa ni penye giza kidogo, mwanangu. Unatokea ng'ambo ya pili."

Koti likaingia. Mlinzi alitazama kioo chake, akasimamisha mkanda, akaurudisha nyuma, akatazama tena. Likatoka. Akaliinua, akalikung'uta, akatia mkono mifukoni. Tupu. Akageukia kioo, na usingizi wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Piteni," akasema. "Piteni, jamani, piteni."

Jukwaani kulikuwa na abiria wachache. Cuiping alisema kila kitu: mstari wa njano, subiri nyuma yake, treni inakuja upande huu, mtashuka kituo cha treni kubwa, mtapanda ngazi, mtafuata alama za mabasi ya mikoani, dirisha la tiketi la kaunti yenu liko mwisho upande wa kushoto. Bibi alirudia neno kwa neno. Treni ikafika, milango ikafunguka. Bibi akaingia, akaligeuza koti kumwelekea mtoto, akalitandaza mikono kama anayemvalisha mtu.

"Kuang Debao, tunapanda. Twende nyumbani."

Mwili mgongoni kwa Cuiping ukakakamaa. Kitu kikamtoka mtoto kama pumzi ndefu ya mtu mzima, kikapita karibu na sikio la Cuiping na harufu yake ya mbao, na mikono ya lile koti ikajaa, ikatuna, kidogo tu, kama nguo iliyoanikwa upepo ukipita. Bibi alilikumbatia akageuka. Hakuaga. Milango ikajifunga.

Cuiping alifungua shuka akamshusha mtoto, akamshika mashavu. Aliita kama mama yake alivyomwelekeza kwenye simu, akitaja mtaa wao, jengo lao na mlango wao. "Mianmian, rudi nyumbani. Mianmian, rudi nyumbani."

Joto lilirudi kwenye ngozi ile chini ya viganja vyake. Mtoto akapepesa macho, akamtambua, akaanza kulia, kilio cha kawaida cha mtoto aliyechoka na mwenye njaa, na Cuiping akamkumbatia akalia naye. Akambeba kifuani, akageukia njia ya ngazi, akipanga moyoni supu atakayompikia.

Jukwaa lilikuwa limebaki tupu. Yeye aliangalia mbele, na Mianmian, kidevu juu ya bega lake, aliangalia nyuma. Kilio cha mtoto kikakatika.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "wale wengine wanauliza treni yao ni ipi."

"Wengine gani?"

"Waliotufuata. Walikuwa wanasikiliza."

Baridi ikamgusa Cuiping kisogoni, na pamoja nayo harufu ya moshi uliopoa, nzito sasa, ya makasha mengi. Nyuma yake mtu alisafisha koo kwa adabu, kama wafanyavyo wasafiri wakifika mezani na kukuta mhudumu ameinamia kazi nyingine.

"Samahani, dada," sauti ikasema.

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wake, kwa mazoea. Cuiping akaziba kinywa cha mtoto kwa kiganja, akauma midomo yake mwenyewe, akaanza kupanda ngazi. Na walipogundua kwamba hatawajibu, wakaanza kumfuata.