Dari ya Buluu

Cephus alikuwa bingwa wa mambo mawili: kupaka rangi na kujisifu. Jua likizama, aliegesha pikapu yake mbele ya nyumba ya mbao pembeni ya kinamasi, akamfungulia mlango dada yake, Venie.

"Shuka, bibie. Kisiwa kizima kimeshindwa kukutafutia mtu. Mimi nimempata!"

Venie akashuka. Tangu mama yao azame akivua kaa, hakuwa ametoa hata neno. Daktari alisema atafutwe ofisa ustawi wa jamii mwenye leseni, mtu aliyesomea kutibu moyo kwa mazungumzo. Mjini wapo, ila foleni yao ilikuwa ya mwakani. Ndipo Cephus alipomkumbuka mteja wake wa wiki iliyopita.

Bi Holloway. Mgeni kisiwani, kazi yake ndiyo hiyohiyo. Alitaka dari ya baraza lake ipakwe nyeupe. Ilikuwa buluu, kama mabaraza yote ya huko, mizimu isivuke mlango. Kutwa nzima alisimama uani, juani, hakupanda hata ngazi moja.

"Pita ndani upumzike, mama," Cephus alimsihi.

"Nasubiri rangi."

Shangazi Lutie aliposikia alishika kichwa. "Mtoto wewe! Buluu haifunikwi!"

"Shangazi, mizimu ya siku hizi ina simu. Itaogopa rangi?"

Sasa Bi Holloway alikuwa mlangoni, chini ya dari nyeupe, anatabasamu. Leseni ilining'inia ukutani, muhuri na kila kitu. Cephus aliikagua kwa mbwembwe, kama vile yeye ndiye aliyeitoa.

"Wewe baki nje," Bi Holloway alinong'ona. "Yanayosemwa humu hayatoki humu."

Mlango ukafungwa.

Cephus akabaki barazani.

Kisha kiti cha kubembea... kwii... kwii... Harufu ya tope ikapenya chini ya mlango, tope bichi la kinamasi maji yakishakupwa. Cephus akaziba pua.

Halafu akasikia sauti ya Venie.

Anaongea! Cephus nusura acheze pale barazani. Akabandika sikio mlangoni.

Sauti ya Venie iliuliza swali.

Sauti ya Venie ikajibu.

Akainua mkono agonge. Kabla hajagonga, mlango ulifunguka. Venie akatoka peke yake, mashavu yanang'aa.

"Kaka! Nina njaa, twende nyumbani."

Nyuma yake kiti kilikuwa kikibembea, kitupu.

"Bi... Bi Holloway yuko wapi?"

"Amemaliza kazi yake."

Cephus alimkumbatia, akalia kama mtoto. Mengine angeyafikiria kesho. Njiani akapiga simu. "Shangazi, pakua wali wa bamia! Nilikwambia mimi ni nani?"

Shangazi Lutie aliwasubiri barazani, mikono wazi, chini ya dari ya buluu. "Panda, mwanangu! Chakula kinapoa."

Venie akafika kwenye ngazi ya kwanza.

Akasimama.

Akainua macho kwenye dari. Viatu vyake vilikuwa vinadondosha tope.

"Kaka," alisema kwa upole, "ile nyeupe imebaki?"

Ilikuwa imebaki. Nusu ndoo, nyuma ya pikapu.

"Usithubutu, Cephus," Shangazi alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Venie, mwanangu... panda tu."

Venie akarudi nyuma hadi katikati ya uwanja. Akatabasamu.

"Nasubiri rangi."